Ukimwomba Mungu akuongoze, usiufunge mlango wa daktari

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 41, mchuuzi wa nguo za mitumba hapa jijini Nairobi, alikuja kuniona akiwa na uvimbe katika titi la kushoto. Nilipomuuliza uvimbe huo ulianza lini, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, ni miezi minane sasa. Nilikuwa namngoja Mungu anijibu."

Mama huyu si mjinga. Alisoma hadi kidato cha nne, anaendesha biashara yake mwenyewe na amewasomesha watoto watatu. Kila Ijumaa usiku alikwenda kwenye kesha kanisani. Alifunga mara mbili kwa wiki na kuomba kwa machozi apewe ishara. Nikamuuliza: "Ulimuuliza Mungu swali gani hasa?" Akajibu: "Nilimuuliza kama nikubali kukatwa titi au nisikubali."

Msomaji, hapo ndipo nilipoiweka kalamu chini. Hakuna daktari aliyekuwa amemwambia kwamba titi lake litakatwa. Hakuwa amepimwa popote. Hakuna aliyejua kama uvimbe ule ulikuwa saratani au uvimbe usio na madhara, na uvimbe mwingi wa matiti ni wa aina hiyo ya pili. Kwa miezi minane aliomba juu ya swali ambalo wakati wake haukuwa umefika, na lile lililokuwa mlangoni, yaani "niende nikapimwe?", hakuliuliza kabisa.

Katika sensa ya mwaka wa 2019, zaidi ya Wakenya 85 kati ya kila 100 walijitaja kuwa Wakristo na karibu 11 walijitaja kuwa Waislamu. Kwa hivyo karibu kila mgonjwa anayeketi mbele yangu amekwisha kuomba kabla ya kupanda matatu kuja kliniki. Mimi mwenyewe huomba. Lakini mimi ni daktari, si mhubiri, na leo sitakufundisha dini. Ninachotaka tuangalie ni hiki: wakati wa dhiki mwili na akili huwa katika hali gani, sala husaidia wapi, na ni makosa gani yanayowaletea hasara watu waliokuwa wakitafuta mwongozo kwa moyo safi.

MWILI WAKATI WA DHIKI

Tuanze na mwili. Umefutwa kazi. Mume ameondoka. Mtoto amekamatwa na polisi. Maabara imekupa karatasi yenye neno ambalo hukulitarajia. Ubongo hupokea habari hiyo karibu sawa na vile ungeipokea ya simba aliyesimama mlangoni.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Ubongo ukiona hatari, tezi hizi humwaga homoni iitwayo adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza na tumbo huvurugika. Muda si mrefu hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo huongeza sukari katika damu ili misuli ipate nguvu. Mpango huu ni mzuri sana kwa mtu anayetaka kukimbia au kupigana.

Shida ni kwamba karo ya shule haikimbiwi kwa miguu, wala ndoa inayovunjika haipigwi ngumi. Hatari hubaki siku nyingi na homoni nazo huendelea kumwagwa. Usingizi hupotea. Shinikizo la damu hupanda. Mwenye kisukari huona sukari yake ikipanda ingawa hajabadilisha chakula. Wengine huumwa na kichwa au mgongo, wengine hupata kiungulia, na wengine huja kwetu wakidhani wana ugonjwa wa moyo.

Je, jambo hili lina uhusiano gani na kutafuta mwongozo? Lina uhusiano mkubwa. Mtu mwenye woga mkali hafikiri kama kawaida. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupima mambo na kuona mbele, hupungua nguvu, na sehemu za ndani zinazoshughulika na woga hushika usukani. Ndiyo maana mtu aliye katika dhiki huona njia mbili tu: niondoke au nikae, nikatwe au nife. Njia ya tatu huwa ipo, lakini macho yake hayaioni.

Ukosefu wa usingizi huzidisha hali hiyo. Utafiti mmoja uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka wa 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 24 mfululizo hufanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.10 katika damu. Hicho ni kiwango cha mlevi. Kwa hivyo ukienda kesha ukaomba hadi alfajiri, umefanya ibada yako na sikukatazi. Nakushauri tu kwamba ile sauti unayoisikia saa kumi na moja alfajiri, ikikwambia uuze shamba au uache dawa, uiache kwanza mpaka uwe umelala na kula.

SALA HUUFANYIA MWILI NINI?

Sayansi haina kipimo cha kumpima Mungu. Daktari akikwambia kwamba amethibitisha sala hujibiwa au haijibiwi, amevuka mipaka ya kazi yake. Tunachoweza kupima ni mwili wa mtu anayeomba.

Mwaka wa 2001, jarida la madaktari wa Uingereza liitwalo British Medical Journal lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Italia na wenzao. Walipima pumzi, mapigo ya moyo na mzunguko wa damu wa watu wazima 23 wenye afya walipokuwa wakisali rozari kwa Kilatini, na pia walipokuwa wakikariri maneno ya yoga. Katika hali zote mbili, pumzi ilishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, na mwili ukaonyesha dalili kwamba mfumo wa kudhibiti shinikizo la damu ulikuwa ukifanya kazi vizuri zaidi. Kwa kawaida mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1975, daktari wa Marekani Herbert Benson alikuwa ameandika kitabu kuhusu jinsi kurudia neno au sala fupi, kwa utulivu na kila siku, kunavyopunguza mbio za moyo na kulegeza misuli. Kwa lugha rahisi, sala ya utulivu hufanya kinyume cha adrenalini. Humwambia mwili kwamba simba ameondoka mlangoni.

Zingatia kwamba hapa tunazungumzia sala ya utulivu. Kupaza sauti na kulia mbele za Mungu kunaweza kumtua mtu mzigo, na sikulaumu ukifanya hivyo. Lakini ukitaka kupima uamuzi, utulivu una faida zaidi.

Benson huyohuyo na wenzake walichapisha utafiti mwingine mwaka wa 2006. Walifuatilia wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo katika hospitali sita za Marekani. Kundi la kwanza liliombewa na watu wasiowajua lakini halikuwa na hakika kama linaombewa. Kundi la pili halikuombewa na watu hao, nalo pia halikuwa na hakika. Kundi la tatu liliombewa na likaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, asilimia 51 katika la pili na asilimia 59 katika la tatu.

Wengine walishangilia matokeo hayo wakisema sala haina maana. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu sala za mke na watoto wa mgonjwa hakuna aliyezizuia wala kuzihesabu. Lakini lile kundi la tatu lina funzo. Watafiti wenyewe walijiuliza kama wagonjwa hao waliingiwa na wasiwasi: "Kwani hali yangu ni mbaya kiasi cha kuombewa na watu nisiowajua?" Kwa hivyo unapokwenda hospitalini kumwombea mgonjwa, mwangalie uso. Ukimwombea kama maiti, atakusikia.

MUNGU ANANIADHIBU?

Kuna jambo jingine ambalo kila mtu aliye katika dhiki angefaa kulijua. Mwaka wa 2001, mtaalamu wa saikolojia Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliokuwa wamelazwa hospitalini Marekani. Wale waliojiona wameachwa na Mungu, waliotilia shaka upendo wake kwao au walioamini kwamba ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wenzao, hata baada ya ukali wa ugonjwa kuzingatiwa.

Mambo hayo nayaona kliniki. Mgonjwa mmoja husema, "Mungu yuko nami katika hili," naye hunywa dawa zake na kurudi siku aliyopewa. Mwingine husema, "Hii ni laana, nimemkosea Mungu," naye hujifungia nyumbani, hali, halali na anaona haya kuonana na watu. Wote wawili wanaomba. Wa pili anahitaji mtu wa kuzungumza naye haraka, awe kasisi, imamu, mchungaji au mshauri nasaha. Kama kuna mtu kwenu anayerudia kusema "Mungu ananiadhibu", usimkemee kwamba amekosa imani. Utakuwa umemwongezea mzigo uleule unaomwangusha.

ELIYA CHINI YA MTI

Wagonjwa wangu Wakristo hupenda nikiwakumbusha kisa cha Nabii Eliya. Alikuwa amekimbilia jangwani akimwogopa Malkia Yezebeli. Aliketi chini ya mti, akakata tamaa na kuomba afe. Kisa chenyewe kinaeleza kilichofuata: alilala usingizi, akaamshwa na malaika, akapewa mkate na maji, akalala tena, akaamshwa na kulishwa mara ya pili. Kisha akatembea siku nyingi hadi mlimani, na huko ndiko alikoisikia sauti ya utulivu iliyomwelekeza la kufanya.

Kama daktari, navutiwa na mpangilio huo. Usingizi, chakula na maji vilitangulia. Maelekezo yalikuja baadaye.

Mfalme Hezekia naye aliomba kwa machozi alipokuwa mgonjwa wa kufa, akaahidiwa kuongezewa miaka 15. Hata hivyo, dawa ya tini ilitengenezwa na kubandikwa kwenye jipu lake. Kwa upande wa Waislamu, imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimuuliza Mtume Muhammad kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Katika dini zote mbili, basi, hakuna mahali nilipofundishwa kwamba kutafuta tiba ni kumkosea Mungu adabu.

HATUA ZA KUFUATA

Ikiwa leo una jambo zito na unatafuta mwongozo, haya ndiyo ninayowashauri wagonjwa wangu:

1. Tuliza mwili kwanza. Kula, kunywa maji, lala. Kabla ya kuomba, pumua polepole kwa dakika tano, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta.

2. Pata ukweli kabla ya kuuliza. Kama ni uvimbe, upimwe. Kama ni deni, jua ni shilingi ngapi na linadaiwa lini. Huwezi kuomba mwongozo wa njia ambayo hujaitazama.

3. Andika swali lako kwa sentensi moja. Yule mama angeandika, "Niende nikapimwe?" huenda angelijibu siku hiyohiyo.

4. Tafuta watu wawili au watatu wa kushauriana nao. Angalau mmoja awe na ujuzi wa jambo lenyewe, na angalau mmoja asiwe na faida yoyote katika uamuzi wako. Waislamu wanaoswali istikhara, yaani rakaa mbili na dua ya kuomba Mungu achague la heri, hufundishwa na wanazuoni wao washauriane na watu pia, na kwamba si lazima mtu aote ndoto ndipo ajue amejibiwa.

5. Weka tarehe. Haraka haraka haina baraka, lakini ajizi nayo ni nyumba ya njaa. Muulize daktari wako: "Jambo hili linaweza kungoja siku ngapi bila madhara?" Swali hilo halina aibu, na daktari mwema atalijibu waziwazi. Kisha omba ndani ya muda huo.

6. Usivunje uamuzi mzuri siku ya giza. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Wayesuiti katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kwamba mtu akiwa katika ukiwa wa roho asibadilishe uamuzi alioufanya alipokuwa ametulia. Ni ushauri mzuri hata kwa mtu asiye Mkatoliki.

Nami niliwahi kuufuata mpango huu. Mama yangu alipopatwa na kiharusi, sisi ndugu wanne tulikaa kwenye benchi nje ya wadi tukibishana kama alishwe kwa mpira wa puani au arudishwe nyumbani. Mimi niliyesomea udaktari nilikuwa na hasira kuliko wote na sikuwa nimelala siku mbili. Dada yangu mkubwa alitunyamazisha, tukaomba, kisha akamwendea daktari wa wadi na kumuuliza ni lini lazima tuamue. Tuliambiwa tuna hadi kesho yake jioni. Tukaenda kulala. Asubuhi hatukubishana tena. Mama alilishwa kwa mpira wiki tatu, akaanza kumeza mwenyewe, akaishi nasi miaka miwili zaidi.

YASIYONGOJA SIKU TATU

Kuna mambo ambayo mtu huomba akiwa njiani kwenda hospitalini. Usingoje kikao cha maombi ukiona dalili hizi:

- Maumivu ya kifua yanayobana, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho au pumzi kukatika.
- Mdomo kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, au usemi kubadilika ghafla. Hiyo ni kiharusi, na kila saa ina thamani.
- Mama mjamzito anayetokwa na damu, anayeumwa na kichwa sana na kuona ukungu, au anayepata degedege.
- Mtoto mwenye homa anayekataa kunyonya, anayelegea au anayepata degedege.
- Mtu aliyebakwa. Dawa za kuzuia ukimwi hufaa zianzwe mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72. Wengi hukosa nafasi hii kwa sababu familia inakaa vikao kwanza.
- Mtu anayesema anataka kujiua.

USIACHE DAWA

Naomba wahubiri na wanaoombewa wanisikilize hapa kwa makini. Kila mwaka napokea wagonjwa walioacha dawa baada ya kuambiwa wamepona.

Mwenye virusi vya ukimwi anayetumia dawa za ARV vizuri anaweza kupimwa na virusi visionekane katika damu. Hiyo ni habari njema sana, kwa kuwa mtu huyo hawezi kumwambukiza mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini maana yake si kwamba virusi vimekwisha. Vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa zikiachwa, kwa watu wengi hurudi kwa wingi katika muda wa wiki chache.

Mgonjwa wa kifua kikuu huanza kujisikia nafuu baada ya wiki kadhaa. Akiacha dawa hapo, vijidudu vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na anaweza kuwaambukiza watu wa nyumbani kwake. Tiba ya kawaida huchukua miezi sita. Mwenye kifafa akiacha vidonge ghafla anaweza kupata kifafa kisichokatika, kinachoweza kuua. Mwenye kisukari anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa katika siku chache. Mwenye shinikizo la damu hasikii maumivu yoyote, hadi siku anapopata kiharusi.

Kama unaamini umepona, njoo upimwe. Muujiza hauogopi maabara. Na kama vipimo vitaonyesha kwamba dawa hazihitajiki tena, mimi nitakuwa wa kwanza kukupungia mkono wa heri.

Kuhusu kufunga: wenye kisukari, wajawazito, wenye vidonda vya tumbo, wenye ugonjwa wa figo na wanaotumia dawa za kila siku waonane na daktari kabla ya kufunga. Uislamu unamruhusu mgonjwa kula katika Ramadhani na kulipa baadaye, na Wakristo hawana amri ya kufunga hadi mtu aanguke. Kufunga maji kwa siku nyingi huharibu figo na huua. Hatujasahau msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ambako mwaka wa 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyopita 400, ya watu walioelezwa kuwa walikufa kwa njaa wakitaraji kukutana na Mungu. Wengi walikuwa watoto. Mtu yeyote akikwambia mwongozo wa Mungu ni kwamba mtoto wako asile au asitibiwe, mchukue mtoto uondoke.

HUZUNI ISIYOONDOKA

Dhiki huleta huzuni, na huzuni ya kawaida hupungua siku zinavyokwenda. Lakini kuna huzuni ambayo ni ugonjwa, unaoitwa unyogovu. Jiulize maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa siku nyingi? Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Kama jibu ni ndiyo, hata kwa swali moja, nenda ukaonane na daktari au muuguzi. Mgonjwa wa unyogovu mara nyingi huniambia, "Daktari, hata kuomba siwezi tena, maneno hayatoki." Hiyo ni dalili ya ugonjwa. Usiihesabu kuwa dhambi.

Je, mtu akisema "Mungu ameniambia", ni mwendawazimu? Hapana. Waumini wengi husema hivyo wakimaanisha wamepata utulivu kuhusu jambo fulani. Hofu yangu huanza pale sauti inapomwamuru mtu ajidhuru au amdhuru mwingine, anapokaa siku kadhaa bila kulala na asichoke, anapogawa mali yake yote ghafla, au anapoamini majirani wanamtilia sumu. Mama aliyejifungua karibuni akiwa na dalili hizi apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Na kama wazo la kujiua limekujia, mwambie mtu leo. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba ya simu ya bure, 1199. Usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichofanya kujaribu kujiua kuwa hatia kinakwenda kinyume cha Katiba. Wewe jirani, kumuuliza mtu "unafikiria kujiua?" hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humfungulia mlango wa kulia na kusaidiwa.

YULE MAMA

Niliahidi moyoni kwamba nitamaliza kisa cha yule mama, naye amenikubalia nikieleze bila kutaja jina lake. Tulichukua kipande kidogo cha uvimbe kikapimwa maabarani. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekwisha kufika kwenye tezi za kwapani. Alipewa dawa za saratani kwa miezi kadhaa, kisha titi likaondolewa, halafu akachomwa kwa miale. Kanisa lake lilifanya harambee ya gharama, na wanawake wa kesha walipokezana kumsindikiza kliniki. Hiyo nayo ni sala, na ilimfaa sana.

Siku moja aliniuliza: "Kama ningekuja mwezi wa kwanza ule, ingekuwaje?" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mama huyu hakuyaficha kwa aibu. Aliyapeleka kwa Mungu akasahau kuyaleta kwa daktari. Nilimweleza ukweli, kwamba tiba ingekuwa fupi na nafasi yake ya kupona ingekuwa kubwa zaidi. Alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Basi waandikie wengine. Waambie waombe, lakini waje."

Nimefanya alivyosema. Anaendelea na vidonge, na kila miezi mitatu huja nimwangalie. Ijumaa bado huenda kesha, ila siku hizi huondoka saa sita usiku akalale.